AKIBA YA PAMOJA NDIYO NGAO YA MCHUUZI

Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, moto ulizuka katika Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Wafanyabiashara waliofunga vibanda vyao jioni vikiwa vimejaa mali, asubuhi walikuta majivu. Mwaka mmoja kabla yake, watalii walipokoma kuja kwa sababu ya maradhi ya Uviko-19, wauza vinyago wa Arusha na Unguja nao walikaa siku nyingi bila mnunuzi. Watu hao hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wageni wa biashara. Waliangushwa na mambo ambayo hawakuwa na uwezo nayo.

Twayakumbusha haya si kwa kutonesha vidonda, bali kwa kuwa hakuna soko lililokingwa na majanga. Swali letu ni moja: mchuuzi akianguka leo, kesho atainuka kwa fedha ya nani?

Kwa ndugu zetu wengi jibu ni chungu. Mtaji wao wote umo katika bidhaa, na bidhaa zote zimo chini ya paa moja. Benki hutaka dhamana, nao hawana hati ya nyumba wala ya kiwanja. Basi humwendea mkopeshaji wa mtaani, ambaye mikopo yake wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mtu akichukua shilingi 100,000 kwa sharti la kurudisha 130,000 baada ya mwezi, hana budi kupata faida ya shilingi 30,000 kabla hajanunua hata unga wa watoto. Akishindwa, huchukuliwa cherehani, jokofu, hata kitanda. Huo si msaada. Ni janga la pili juu ya la kwanza.

Wako watakaosema kwamba dawa ni upatu. Sisi hatuudharau upatu, kwani umesomesha watoto na kuezeka nyumba nyingi. Lakini katika upatu fedha yote inayokusanywa hupewa mmoja siku ile ile, wala hapabaki kitu. Janga halingoji zamu. Aliyepokea mwezi uliopita, akiunguliwa leo, hana cha kupokea, na bado anadaiwa mchango.

Vikundi vya VICOBA vimekwenda hatua moja mbele. Humo wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa masharti waliyoafikiana wenyewe, na riba huwarudia wao. Tena huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Rai yetu ni kwamba mfuko huo usiishie kwenye sanda na dawa. Kifo cha mtaji nacho ni msiba. Kila kikundi na kitenge fungu la kumwinua mwenzao aliyeunguliwa, aliyeibiwa au aliyefikwa na mafuriko, na masharti yake yaandikwe mapema, kabla moshi haujaonekana. Fungu hilo litunzwe benki, kwani likikaa sokoni litaungua pamoja na soko.

Hata hivyo, moto mmoja ukiwapata wanachama wote kwa pamoja, kikundi hakitajiweza peke yake. Hapo ndipo Serikali inapotakiwa. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi Aprili 2023, baada ya kuonekana kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba vilikuwapo vikundi hewa. Ikarudishwa mwaka 2024. Twasema wazi: kila shilingi iliyoliwa na kikundi hewa ilinyang'anywa mchuuzi wa kweli, na ofisa anayeidhinisha kikundi asichokijua ana hatia sawa na anayezipokea fedha hizo. Yafaa pia halmashauri ziyape nafasi ya kwanza maombi ya vikundi vilivyopatwa na majanga, na ziyaamue upesi. Aliyepoteza riziki leo hawezi kungoja vikao vitatu.

Wachuuzi nao wana wajibu wao. Fedha ya mauzo na fedha ya mboga zisikae mfuko mmoja. Daftari liandikwe kila jioni, kwani asiyejua jana aliuza nini hataweza kumthibitishia mtu yeyote kile alichopoteza. Na anayekopeshwa akumbuke kwamba dawa ya deni ni kulipa; fedha anayoizuia ndiyo ambayo ingemwinua mwenzake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twaongeza kwamba anayeanza kuiweka siku ya moto amekwisha kuchelewa. Vikundi vikutane wiki hii, vilijadili jambo hili, na viliandike katika katiba zao.