Tiketi ya Treni Uingereza: Bei, Masharti na Faini

Nchini Uingereza nauli ya treni haitegemei sana umbali. Abiria wawili waliokaa bega kwa bega kutoka London Euston hadi Manchester Piccadilly wanaweza kuwa wamelipa tofauti kabisa, mmoja chini ya pauni 50 na mwenzake zaidi ya pauni 150, wakafika dakika ileile. Aliyelipa nyingi amenunua ruhusa ya kupanda treni yoyote siku hiyo, na aliyelipa kidogo amejifunga kwa treni moja tu. Kwa aliyezoea SGR ya Dar es Salaam na Dodoma au Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa, ambako nauli ya kila daraja inajulikana na tiketi hutolewa kwa kitambulisho, mfumo huu unashangaza. Tiketi ya kawaida ya Uingereza haina jina la mtu, lakini ina masharti mengi, na masharti hayo ndiyo yanayopanga bei.

Aina kuu ni tatu. Anytime ndiyo ghali, nayo inatumika saa yoyote. Off-Peak haitumiki saa za msongamano, hasa asubuhi za siku za kazi, ila saa hizo hutofautiana kati ya njia na njia, na wanaotoka London hukutana nazo tena jioni. Advance ni ya treni iliyotajwa kwenye tiketi, saa iliyotajwa, basi. Kwa kawaida hutoka wiki 12 hivi kabla ya safari, na viti vya bei ya chini huwa vichache. Vikiisha, bei hupanda ngazi kwa ngazi. Tiketi ya Advance hairudishiwi fedha, ingawa kabla treni haijaondoka inaweza kubadilishwa kwa ada pamoja na tofauti ya nauli. Aliyechelewa stesheni kwa uzembe wake hununua nyingine. Lakini treni ya kwanza ikichelewa na kumkosesha ya kuunganisha, huruhusiwa kupanda inayofuata ya kampuni hiyohiyo.

Tovuti za kampuni za treni huuza tiketi za njia zote nchini, hata za kampuni nyingine, bila ada ya ziada. Baadhi ya programu maarufu za simu huongeza ada juu ya nauli ileile, na wengi huilipa bila kuiona.

Punguzo kubwa zaidi linatokana na kadi za Railcard, ambazo kwa kawaida hupunguza theluthi moja ya nauli. Ipo ya vijana wa miaka 16 hadi 25, ya waliofika miaka 60, ya familia zenye watoto, na ya watu wawili wanaosafiri pamoja. Tangu Machi 2025 nyingi huuzwa pauni 35 kwa mwaka, hivyo safari moja au mbili ndefu hurudisha gharama. Kadi ya vijana ina kikwazo: asubuhi za siku za kazi, isipokuwa Julai na Agosti, ipo nauli ya chini isiyoshuka, kwa hiyo kwa safari fupi haisaidii. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu.

Njia nyingine ni kugawa tiketi. Kutoka London hadi Bristol, kwa mfano, tiketi mbili, moja hadi Didcot Parkway na nyingine kutoka hapo, wakati mwingine hugharimu pungufu ya tiketi moja ya safari nzima. Ni halali, na abiria hahitaji kushuka, ila treni lazima iwe inasimama Didcot.

Siku ya safari, saa ndiyo huwapotosha wengi. Ratiba hufuata saa 24, hivyo 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku. Jukwaa la treni hutangazwa dakika chache kabla, na milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka kufika. London yenyewe ina stesheni kuu kadhaa, na anayetoka Brighton kwenda Leeds hubadilisha stesheni humo. Alama ya msalaba mdogo kwenye tiketi huonyesha kwamba nauli ya treni ya chini ya ardhi imo. Baadhi ya treni hugawanyika njiani, kama zile za Victoria zinazokatwa Horsham, mabehewa ya mbele yakaenda kwao na ya nyuma kwao. Ubao na matangazo husema lipi linakwenda wapi. Jumapili reli nyingi hufanyiwa matengenezo na mabasi huchukua nafasi ya treni, na siku ya Krismasi hakuna treni za kawaida kabisa.

Kosa la tiketi ndilo eneo la hatari, hasa kwa mwenye viza. Railcard iliyoisha muda, au simu iliyozima chaji, inaweza kumfanya abiria ahesabiwe kama asiye na tiketi halali. Tangu Januari 2023 faini ya Penalty Fare nchini England ni pauni 100 pamoja na nauli, ikishuka hadi pauni 50 pamoja na nauli kwa anayelipa ndani ya siku 21, muda ambao pia hutumika kukata rufaa. Faini hiyo si hatia ya jinai. Ni barua za baadaye, zisipojibiwa, zinazoweza kuishia mahakamani, na hukumu ya huko lazima itajwe kwenye maombi ya viza au uraia. Mwaka 2024 mahakama ya Westminster iliona kwamba baadhi ya kampuni zilitumia utaratibu wa haraka usiofaa, na ikakadiriwa kesi 74,000 zingefutwa; hata hivyo, kutojibu barua bado ni njia mbaya.

Kwa upande wa abiria, ucheleweshaji hulipwa kupitia Delay Repay. Katika kampuni nyingi, dakika 15 hurudisha robo ya nauli ya kwenda, dakika 30 nusu, na saa moja nauli yote. Mwenye kudai hutuma picha ya tiketi mtandaoni ndani ya siku 28. Aliyegawa tiketi haadhibiwi kwa hilo: ucheleweshaji hupimwa kwa safari yake nzima, wala si kwa kila kipande peke yake.