Je, Wajua? Chumbe, kisiwa kisicho na kisima

Ukisimama pwani ya Mbweni, kusini kidogo ya Mji wa Zanzibar, utakiona kisiwa cha Chumbe kwa mbali: mstari wa kijani juu ya maji, na mnara wa taa umechomoza kwenye miti. Kina urefu wa kilomita moja na ushei, upana wa mita 300 hivi, na eneo lake lote ni hekta 22 tu. Hakuna mto. Hakuna kisima. Udongo ni haba kiasi kwamba jembe likipigwa chini hulia juu ya jiwe. Kwa mkulima, hapo hapana mali. Ila ukifuatilia habari za Chumbe moja baada ya nyingine, utaona kwamba yale yanayokosekana ndiyo yaliyokilinda, na kwamba baadaye watu wakaamua kwa makusudi kuendelea kukiacha kilivyo.

Je, wajua kwamba mwamba wote wa Chumbe ulikuwa hai wakati mmoja? Ni matumbawe, yaani mifupa ya chokaa iliyoachwa na wanyama wadogo wa baharini, kizazi juu ya kizazi, zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, miamba ikabaki nje na kukauka. Wazanzibari wanalijua jiwe hili vizuri, kwani ndilo lililojenga kuta za Mji Mkongwe, na ndilo lililochomwa tanurini kupata chokaa. Kwenye njia za msituni Chumbe unakutana na makombe ya chaza wakubwa yamenasa ndani ya jiwe, midomo wazi, kama vile yalivyokuwa siku wenyewe walipokufa. Weka kiganja juu ya kingo zake zilizojikunja mawimbi mawimbi. Hapo ulipo ni nchi kavu, chini ya kivuli cha miti, na bado unagusa sakafu ya bahari.

Bahari hiyohiyo iliwahi pia kwenda mbali mno. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, maji yalishuka takriban mita 120 chini ya kiwango cha leo. Mkondo wa Zanzibar ulikuwa mkavu, Unguja ilishikana na bara, na Chumbe haikuwa kisiwa hata kidogo. Ushahidi uko katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia. Wanyama hao walifika Unguja kwa miguu yao.

Basi miti inaishije juu ya jiwe tupu? Mizizi hutambaa kutafuta nyufa, huzama humo, na kuishi kwa mvua, umande na mboji kidogo ya majani yaliyoanguka. Msitu wa namna hii, wa maweni, ulikuwa umetanda sehemu nyingi za pwani yetu, nasi tumeukata kwa kuni, mkaa na mashamba ya kuhamahama. Chumbe umebaki kwa sababu hapakuwa na maji ya kumweka mtu. Ndani yake kuna hata kidimbwi chenye mikoko ambacho hakina mlango wa kuonekana kwenda baharini. Maji hupenya chini kwa chini kwenye matundu ya mwamba, yakajaa na kupwa pamoja na bahari ya nje.

Mnara wa taa ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, walipokuwa wakiitawala Zanzibar chini ya himaya yao. Mlinzi wa taa alipewa nyumba, na kando yake ukajengwa msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, ambao hadi leo wafanyakazi wa kisiwani huswali humo. Mwaka 1926 taa ikageuzwa kuwa ya gesi, kwa mitambo ya AGA. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana habari ya mitambo hiyo ni ya ajabu na ya kusikitisha.

Kampuni ya AGA iliongozwa na Mswidi aitwaye Gustaf Dalén. Ndiye aliyebuni vali inayofunguka usiku na kufunga mchana bila mkono wa mtu wala saa. Ndani ya kioo kuna fimbo nne za chuma: moja imepakwa rangi nyeusi, tatu zimesuguliwa hadi zikang'aa. Jua likichomoza, ile nyeusi hunywa mwanga, ikapata moto na kurefuka kidogo kuliko wenzake, na urefu huo mdogo ndio unaoziba njia ya gesi. Jua likizama, fimbo hupoa, hurudi urefu wake, na taa huwaka. Mwaka 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo gesi ilimlipukia kwenye majaribio, akapofuka macho yote mawili. Ndugu yake, ambaye alikuwa daktari wa macho, ndiye aliyekwenda kuipokea tuzo kwa niaba yake. Mtu aliyewapa mabaharia wa dunia mwanga wa usiku aliishi gizani miaka 25 iliyobaki, na aliendelea kuongoza kampuni yake.

Taa ipo kwa sababu meli zinapita karibu, na meli hizo nazo zimechangia kukihifadhi kisiwa. Upande wa magharibi kuna njia ya vyombo vinavyokwenda Dar es Salaam, na kwa miaka mingi jeshi lilifanya mazoezi maeneo hayo, hivyo wavuvi wa ngalawa na mitumbwi hawakuhimizwa kusogea. Mwamba wa matumbawe wa upande huo ukakaa bila kukokotewa juya wala kuvunjwavunjwa na nanga. Mjerumani mmoja, Sibylle Riedmiller, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, alipouona mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliishawishi serikali iutambue rasmi. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi isiyovuliwa, chini ya uangalizi wa kampuni ndogo iliyoundwa kwa kazi hiyo. Humo kuna zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki. Kwa bahari ya Afrika Mashariki huo ni utajiri mkubwa katika eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa kuogelea.

Na walinzi je? Wengi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawakupewa bunduki. Kazi yao ni kumfuata mvuvi aliyevuka mpaka, kumsalimu, na kumweleza kwamba mwamba huu ni kitalu: samaki akiachwa akakua hutaga mayai mengi mara nyingi zaidi kuliko mdogo, na makinda huchukuliwa na mkondo hadi kwenye madema ya nje. Mvuvi humsikiliza mvuvi mwenzake kuliko anavyomsikiliza afisa. Mimi naona huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanyika Chumbe.

Sasa ngoja giza liingie. Ukimulika kurunzi chini ya miti utasikia kwanza kitu kikikwaruza jiwe, kisha utamwona: kaa wa nazi, mkubwa kuliko wadudu na kaa wote wa nchi kavu duniani. Mtu mzima wake hufika kilo nne, na miguu ikinyooshwa hukaribia mita moja. Rangi yake huwa ya buluu iliyokolea au nyekundu ya matofali. Hupanda miti, na akiwa na subira hufungua nazi, akianza kwa kuchambua makumbi uzi kwa uzi upande wenye macho. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walipima nguvu ya gando lake kisiwani Okinawa, wakakadiria kwamba mkubwa wao anaweza kubana kwa nguvu ya nyutoni 3,300, sawa na kuwekewa mzigo wa zaidi ya kilo 300. Anaweza kuishi miaka kwa makumi. Lakini ukimtumbukiza baharini atakufa maji, ingawa huko ndiko alikozaliwa. Jike hushuka ufukweni kumwaga mayai, makinda huelea majuma kadhaa, na anayenusurika hutafuta kombe tupu la konokono, akajistiri ndani yake na kutambaa kuelekea msituni.

Kaa huyu ametoweka au kupungua sana mahali pengi alipokuwa, hasa penye watu. Chumbe bado wapo kwa wingi.

Mkaazi mwingine ni paa nunga, mnyama mdogo asiyezidi kilo 12, mwekundu mwekundu, mwenye utepe mweupe mapajani. Duniani kote anapatikana Zanzibar na katika misitu ya pwani ya Kenya tu, kama Arabuko-Sokoke na Boni. Unguja aliwindwa kwa mbwa na nyavu hadi akawa nadra, na ndipo wachache wakahamishiwa Chumbe kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ili mbegu isipotee. Kabla yao ilibidi mgeni mbaya aondolewe. Panya wa melini walikuwa wamejaa kisiwani, wakila mayai ya ndege na kila walichokikuta, na mwaka 1997 walimalizwa wote. Ndege nao wanakijua kisiwa. Mwaka 1994 mamia ya buabua, wale wenye kifua cha waridi hafifu, walikuja kutaga kwenye jabali la kusini.

Nyumba saba za wageni zilizopo leo zimejengwa kwa kuheshimu ukosefu wa maji. Mapaa yake mapana hukinga mvua, maji huchujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, choo ni cha mboji kisichotumia maji, na umeme ni wa jua. Mapato ya wageni hulipia walinzi na safari za wanafunzi. Maelfu ya watoto wa Zanzibar wamevalishwa miwani ya kuzamia hapo wakaona matumbawe kwa macho yao, wengi kwa mara ya kwanza, ingawa wamezaliwa na kukulia pwani.

Maji ya moto ndiyo hatari iliyobaki, na mlinzi hawezi kuyafuata kwa mashua. Tumbawe huishi kwa chakula kinachotengenezwa na mwani mdogo mno uliomo mwilini mwake. Joto likizidi, tumbawe huufukuza mwani huo, likapauka, na likikaa hivyo muda mrefu hufa. Ilitokea mwaka 1998 na tena 2016. Mara zote mbili Chumbe iliumia, na mara zote mbili sehemu kubwa ilirudi.

Basi, msomaji, siku ukitembea ufukweni, Chumbe au kwenu, ukaona kombe zuri tupu limelala mchangani, liache hapohapo. Usiku wa leo huenda kuna kinda anayetoka majini kulitafuta.