KAYAKI YA KUKANYAGA: NAMNA GANI INAPIMWA KATIKA MAWIMBI

Wanafunzi wenzetu, sisi wote tunajua mutumbwi. Wale wenye walizaliwa kando ya ziwa walishika kafi mbele ya kushika kalamu. Lakini kuna chombo kingine chenye wavuvi wa Marekani, wa Australia na wa Ulaya wanapenda sana siku hizi: kayaki ya kuvua samaki yenye pedali. Mutu anakaa juu ya kiti, anatia miguu mbele yake, anakanyaga, na chombo kinaenda. Mikono yake yote mbili inabaki huru kwa kushika fimbo na ndoana. Kwa maji matulivu ni jambo la kufurahisha. Lakini upepo ukiamka, namna gani? Njo ulizo tunataka kujibu hapa.

Kayaki yenyewe si kitu kipya. Wainuit, wenyeji wa inchi za baridi kali za Greenland na kaskazini ya Kanada, walianza kuitengeneza zamani sana kwa ngozi ya sili iliyoshonwa juu ya miti ama mifupa. Ilikuwa nyembamba, imefungwa juu, na muwindaji alijifunga ndani yake pamoja na nguo yake ili maji isiingie. Akipinduka, aliweza kujirudisha juu kwa kafi bila kutoka. Ile ya wavuvi wa leo ni mbali kabisa na ile ya Wainuit. Ni ya plastiki, nzito, urefu wake ni karibu metre 4, upana wake unapita sentimetre 80, na mutu anakaa juu yake, si ndani. Kuna matundu yenye yanapita toka juu mpaka chini. Mugeni akiyaona anashangaa: chombo chenye matundu kitaeleaje? Lakini tumbo la kayaki limefungwa na limejaa hewa, na matundu yanapita katikati yake sawa mirija. Wimbi likimwagika juu, maji inashuka yenyewe kwa njia hiyo.

Juu ya pedali, jambo kubwa lilitokea mwaka 1997. Kampuni Hobie ya California, yenye ilianzishwa na Hobie Alter (1933-2014), mutu mwenye alijulikana kwanza kwa mbao za kuchezea mawimbi, ilianza kuuza mashini yenye jina MirageDrive. Aliyeivumbua ni Greg Ketterman. Katika mashini hiyo hakuna elisi. Chini ya chombo kuna mapezi mawili laini, yanapita kushoto na kuume sawa mabawa ya pengwini akiogelea. Miguu haizunguki sawa kwa velo (kinga, kama wengi wanavyosema kwetu). Inasukuma mbele, mumoja kisha mwingine. Pezi likipita katika maji linajikunja, na kule kujikunja njo kunatupa maji nyuma.

Kampuni zingine zilichagua elisi. Hapo pedali inazunguka kweli sawa ya kinga, na meno ya ndani yanafanya elisi izunguke mara kama 10 kwa muzunguko mumoja wa miguu. Elisi iko na faida moja kubwa: ukikanyaga nyuma, chombo kinarudi nyuma. Mapezi ya Hobie yalikaa karibu miaka 20 pasipo kujua kurudi nyuma. Kwa muvuvi ni neno kubwa, maana samaki mwenye nguvu anaweza kuvuta kayaki nzima mpaka ku mawe.

Sasa tuje ku kupima. Mupimaji mwenye akili haanzi katika mawimbi. Anaanza karibu na inchi kavu, maji ikiwa tulivu, na anajipindua kwa kusudi. Ndiyo, anaangusha chombo chake mwenyewe! Anataka kujua kama ataweza kukigeuza tena na kupanda juu yake pasipo kusaidiwa. Kayaki ya pedali pamoja na kiti na vyombo vya kuvua inaweza kupita kilo 50, na mutu akiwa ndani ya maji hana kitu cha kukanyaga. Anapashwa kunyoosha mikono mpaka upande wa pili, ama kutumia mukanda uliofungwa mbele, avute kwa uzito wake wote. Chombo kikigeuka, anapiga maji kwa miguu sawa chura, analala kwa tumbo juu ya chombo, kisha anajigeuza akae. Yule mwenye hawezi kufanya hivyo mara tatu mufululizo mahali pa utulivu hana kazi ya kwenda kutafuta mawimbi.

Kisha anachagua siku na mahali. Upepo unapashwa kuvuma toka maji kuelekea inchi kavu, ili jambo likiharibika chombo kisukumwe pwani, si mbali. Kwa kujua nguvu ya upepo watu wa maji wanatumia kipimo cha Beaufort, askari wa maji wa Uingereza, mwenye alikipanga kwanza ku mwaka 1805. Katika nambari 3, upepo wa kilometre 12 mpaka 19 kwa saa, vichwa vyeupe vinaanza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi. Katika nambari 4, kilometre 20 mpaka 28, vichwa vyeupe ni vingi. Kwa kayaki ya wavuvi, nambari 4 ni tayari mutihani. Nambari 5, mimi naona ni siku ya kubaki nyumbani na kutengeneza ndoana.

Mbele ya upepo, pedali inaonyesha uzuri wake. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko ya mikono na haichoki upesi. Tena kafi likiinuliwa linakamatwa na upepo, lakini mapezi na elisi viko paka chini ya maji, havijui kama inje kuna upepo. Kwa hiyo chombo kinasonga tu, pole pole, wimbi kwa wimbi. Lakini tusijidanganye. Mwalimu wa fizike anatufundisha kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara ine. Na mutu mwenye anakaa juu ya kiti kirefu ni sawa tanga.

Tufanye hesabu ndogo. Muvuvi anatoka asubuhi, upepo uko mugongoni, anakanyaga saa moja kwa mwendo wa kilometre 6. Amefika kilometre 6, wala hajachoka. Anageuka: upepo sasa uko usoni, mwendo unashuka mpaka kilometre 2 kwa saa. Kurudi kutamuomba masaa 3. Upepo ukiongezeka mchana, hata hizo 2 hazipati. Hapo njo kuna hatari ya kweli ya pedali, na watu hawaisemi sana: inamupeleka mutu mbali kwa wepesi kuliko kafi lingalimupeleka, na mashini ikivunjika kule, atapashwa kurudi kwa kafi tu, na chombo kipana na kizito. Njo maana wenye desturi wanaanza safari kwa kwenda mbele ya upepo, ili kurudi kuwe kwepesi, na kafi halikosi hata siku moja.

Wimbi la ubavuni linafundisha neno lingine. Wengi wanafikiri chombo kipana hakipinduki. Kwa maji tulivu ni kweli. Mutu anaweza hata kusimama. Lakini chombo kipana na bapa kinapenda kukaa sawasawa na uso wa maji. Uso wa maji ukiinama, nacho kinainama pamoja nao. Kile chembamba cha Wainuit kinayumba kila wakati, lakini mutu anaweza kukinyoosha kwa kiuno chake, wimbi likipita chini yake. Mupimaji anashusha kiti chake chini kabisa, analegeza kiuno, anaacha chombo kicheze chini yake. Tena kuna jambo hili: mwenye kupiga kafi akiyumba, anapiga kafi lake juu ya maji na linamushika sawa fimbo ya muzee. Mwenye pedali, mikono yake iko ku usukani na ku fimbo ya samaki. Hana fimbo ya muzee. Mikono huru njo faida yake, na njo upungufu wake vilevile.

Lakini mutihani mukubwa ni wimbi la nyuma. Hapa tuhesabu tena. Wimbi lenye kupita kila sekunde 3 liko na urefu wa karibu metre 14 toka kichwa mpaka kichwa, na linakimbia karibu kilometre 17 kwa saa. Kayaki inakwenda 6. Basi kila wimbi linaifikia na kuipita. Likifika, linainua nyuma, mbele inachoma bonde, na usukani mudogo ulio nyuma unabaki nusu inje ya maji, ama ndani ya povu. Kwa dakika ile hauongozi kitu. Nyuma inataka kupita mbele, chombo kinajigeuza ubavu, na wimbi lile lile linakipindua. Wavuvi wengi wanashangaa: upepo ulikuwa unatusaidia, namna gani tumeanguka? Njia ya kujikinga ni kukanyaga kwa mwendo ule ule, kutokimbizana na wimbi, kupeleka uzito nyuma kidogo, na kupita mulalo kidogo pasipo kuligeuzia ubavu. Wengine wanavuta ndoo ya kamba nyuma, inashika maji na kunyoosha chombo. Mupimaji mwenye anaandika kwamba kayaki yake ni nzuri katika mawimbi, lakini hajasema alikuwa na wimbi la upande gani, hajatuambia kitu.

Wasomaji wa Uvira na wa Kalemie wanajua mambo haya bila kuwa na pedali. Wimbi linakuwa kubwa kufuatana na nguvu ya upepo, na wakati wenye umevuma, na urefu wa maji wenye upepo umepita juu yake. Ziwa Tanganyika liko na urefu wa karibu kilometre 670. Upepo wa kusini wa wakati wa jua, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, unapata njia ndefu ya kulea mawimbi yake.

Tofauti yetu na California ni baridi. Kule mukondo wa bahari unatoka kaskazini, na maji inabaki ya baridi hata jua likiwaka. Mwalimu Gordon Giesbrecht wa chuo kikuu cha Manitoba, Kanada, alifundisha hesabu rahisi kwa mutu mwenye ameanguka katika maji ya baridi kali: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambamo mikono ingali inasikia, na karibu saa 1 mbele ya kuzimia. Basi mwenye anahitaji dakika 15 kwa kugeuza kayaki yake amechelewa tayari. Na hesabu hiyo ni kwa mutu mwenye amevaa jile ya kuelea. Pasipo jile, wengi wanazama katika dakika ile ya kwanza, maana baridi inawafanya wavute pumzi kwa nguvu na kunywa maji. Kwetu maji ni ya vuguvugu, lakini jile inatumika sawasawa. Upepo unasukuma chombo kitupu mbio kuliko mutu anavyoogelea. Mwenye amekiacha kwa mukono mara nyingi hakipati tena.

Inabaki kufika pwani. Wimbi linavunjika pale kina cha maji kinapokaribia kulingana na kimo chake. Wimbi la sentimetre 60 linavunjika katika maji ya sentimetre 75 ama 80. Lakini mapezi yanashuka chini ya chombo karibu nusu metre, na wimbi likikitupa chini, yanagonga muchanga na kupindika. Kwa hiyo mbele ya kufika kwenye povu, muvuvi anasukuma pedali moja mpaka mwisho, mapezi yanalala chini ya tumbo la chombo. Mwenye elisi anaiinua ndani. Tangu hapo ni kafi tu. Anangoja mawimbi makubwa yapite, anafuata nyuma ya lile la mwisho, na akigusa chini anashuka kwa upande wa bahari, si kwa upande wa inchi kavu, ili chombo chenye kilo 50 kisimuangukie miguu. Mashini inatolewa, inaoshwa kwa maji pasipo chumvi, na mupimaji anaangalia kama muchanga umeingia katika minyororo yake.