Fanicha za Hewani na Vijana Walioziibiana

Novemba 2007 polisi wa Uholanzi walimkamata kijana wa miaka 17 kwa wizi wa fanicha za yuro 4,000. Hakuvunja mlango. Kochi na viti vyenyewe vilikuwa picha ndogo ndani ya Habbo Hotel, ulimwengu wa mtandaoni wa vijana. Alidaiwa kuiba nywila za wenzake, kisha kuhamishia mali zao chumbani mwake. Watu walicheka, lakini kesi ile inaieleza biashara ya malimwengu hayo vizuri kuliko ripoti nyingi za wachumi.

Habbo ilianzia Helsinki mwaka 2000, kazi ya Wafini wawili, Sampo Karjalainen na Aapo Kyrölä. Ukiingia unachagua kikaragosi, unakivisha, unakitembeza kwa kubofya kigae hadi kigae. Neno unaloandika linatokea juu ya kichwa chake na kupanda taratibu mpaka litoweke juu ya kioo. Ukitukana, mfumo unalifuta tusi na kuweka "bobba". Basi, ni hayo tu. Hapakuwa na adui wa kupiga wala ngazi ya kupanda. Kilikuwa kijiwe, na kuingia ni bure.

Pesa ilitoka chumbani. Kila mtu alipewa chumba kitupu, na nani atakaribisha wageni sakafuni? Zulia, kochi na jokofu vilinunuliwa kwa sarafu za Habbo, na sarafu zenyewe ziliweza kulipiwa kwa SMS, zikakatwa kwenye salio. Ujanja ulikuwa hapo: kijana wa miaka 14 hana kadi ya benki, lakini vocha haimshindi. Kisha kampuni, Sulake, ikatoa baadhi ya vitu kwa uchache wa makusudi, viti vya enzi kwa mfano, na vijana wakaanza kubadilishana na kulanguliana. Matapeli nao hawakukawia.

Wakubwa wakaunusa mchuzi, kila mmoja akataka ulimwengu wake wa namna hiyo. Linden Lab ilifungua Teen Second Life mwaka 2005, Disney ikainunua Club Penguin ya Kanada mwaka 2007 kwa dola milioni 350, na Google ikaleta Lively Julai 2008, ikaifunga Desemba hiyohiyo. Teen Second Life ilifungwa mwishoni mwa 2010, Club Penguin mwaka 2017.

Lawama za kuanguka kwa malimwengu haya kwa kawaida hutupiwa Facebook. Sawa, iliwavuta vijana kwa marafiki wanaowajua kwa sura. Simu iliumiza zaidi: Habbo ilitegemea Shockwave, baadaye Flash, na iPhone haikuikubali Flash tangu mwanzo. Soga zikahamia mfukoni, hoteli ikabaki kwenye kompyuta ya sebuleni.

Kwangu, hata hivyo, jeraha kubwa ni gharama ya ulinzi. Kijiwe cha watoto wasiojulikana majina humkaribisha pia mtu mzima anayejifanya mtoto. Juni 2012 Channel 4 News ya Uingereza ilieleza jinsi mtayarishaji wake, aliyejisajili kama msichana wa miaka 11, alivyokumbana na mazungumzo ya ngono mara kwa mara. Sulake ilikuwa na wasimamizi zaidi ya 200, na mistari ya mazungumzo ilikuwa kama milioni 70 kwa siku. Gawanya mwenyewe: zaidi ya mistari laki tatu kwa kila msimamizi. Vichujio vya kompyuta vilisaidia, lakini mtoto anayejua kuandika tusi kwa tarakimu huvipita, seuze mtu mzima mwenye nia mbaya. Wawekezaji wawili wakajitoa, maduka yakaacha kuuza kadi zake, na kampuni ikazima mazungumzo hoteli nzima, vikaragosi vikabaki mabubu.

Habbo bado ipo, ndogo kuliko zamani. Kijiwe kimehamia Roblox, iliyofunguliwa 2006 na inayouza mavazi ya vikaragosi kwa mtindo uleule. Nayo imeshtakiwa na majimbo kadhaa ya Marekani kuhusu usalama wa watoto, na Novemba 2025 ilitangaza kwamba anayetaka kuandikiana na wenzake atakaguliwa umri kwanza, kwa kamera au kitambulisho.