Kuhara Damu kwa Vifaranga

Mfugaji aingiapo bandani alfajiri na kukuta vifaranga wa majuma manne wamejikunyata, mabawa yameshuka, na maranda yametapakaa kinyesi chenye damu, mara nyingi hukimbilia dawa ya minyoo. Dawa hiyo haifai kitu. Adui si mnyoo, bali ni kimelea cha seli moja kiitwacho Eimeria, kisichoonekana ila kwa hadubini; na ugonjwa wenyewe huitwa koksidiosisi.

Kuku hushambuliwa na jamii kadhaa za Eimeria, na kila moja ina sehemu yake ya utumbo. Iletayo damu nyingi ni Eimeria tenella, ikaayo katika vile vifuko viwili vilivyo penye makutano ya utumbo mwembamba na utumbo mpana.

Kimelea hutoka pamoja na kinyesi kikiwa ndani ya kijiyai chenye ganda gumu. Kijiyai kibichi hakiambukizi. Kikipata unyevu, joto na hewa, hukomaa kwa siku moja au mbili na kuwa na viini vinane. Kifaranga akikidonoa, firigisi husaga ganda, nyongo na vimeng'enya humalizia kazi, na viini huingia katika seli za utumbo. Humo huongezeka kwa kugawanyika, huzipasua seli, kisha huingia nyingine. Kizazi cha pili cha E. tenella ndicho kikatili: hukua ndani zaidi ya ukuta wa utumbo, na kitokapo, yapata siku ya tano, mishipa ya damu hupasuka. Vijiyai vipya huanza kuonekana siku moja au mbili baadaye. Hivyo kifaranga aweza kufa ilhali kinyesi chake, kikipimwa, hakina hata kimoja.

La ajabu ni kwamba amezaye vijiyai vichache hupata kinga badala ya ugonjwa, ingawa ni dhidi ya jamii ile ile tu. Chanjo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1952 ilitumia siri hiyo. Mahali pa msongamano, hata hivyo, kifaranga humeza maelfu kwa siku moja.

Dawa ya amproliamu inafanana na vitamini B1, na kimelea huipokea kwa kudanganyika, kikakosa vitamini yenyewe. Mfugaji aongezaye B1 kwa wingi wakati huo huo, kwa nia njema, huidhoofisha dawa aliyoinunua. Dawa nyingi za kusafishia mabanda hazipenyi ganda la kijiyai. Ukavu ndio hukizuia kukomaa. Kwa hiyo maranda yazolewayo kwanza ni yale mabichi, kuzunguka chombo cha maji kinachovuja.