Studio ya kwaya Chato: Linux inaokoa shilingi ngapi?

Anayetaka kufungua studio ndogo Chato mjini au Buseresere hukuta mambo mawili yameshaamuliwa na waliomtangulia. Kompyuta itakuwa laptop ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne hadi cha sita, na programu itakuwa FL Studio iliyokrakiwa, inayopita kwenye flashi kutoka studio moja hadi nyingine. Gharama ya programu: sifuri. Kumbe Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ileile ambayo prodyuza huikumbuka wimbo wake ukiuzwa kwenye flashi za stendi, inalinda programu za kompyuta pia.

Tupige hesabu kwa bei halali, dola moja tuikadirie shilingi 2,500. FL Studio ya daraja la chini, Fruity, ni dola 99, yaani shilingi 247,500. Tatizo ni kwamba Fruity hairekodi sauti. Ni ya kutengeneza biti tu, na kwaya bila maikrofoni haina kazi nayo. Daraja linalorekodi, Producer, ni karibu dola 200, sawa na laki tano. Windows 11 Home ni dola 139, shilingi 347,500. Jumla inakaribia shilingi 850,000, na bado ile i5 ya mtumba haistahili: Microsoft inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ongeza na bei ya kompyuta nyingine.

Upande wa Linux bili ni ya bando tu. Faili la Ubuntu Studio, distro (toleo la Linux) ya wanamuziki iliyoanza mwaka 2007, linazidi GB 4. Tukichukua GB 5 kwa shilingi 2,000 kila moja, ni shilingi 10,000. Ukishalipakua, kulinakili ni halali kabisa. Studio kumi za Chato, Muganza, Bwanga na Katoro zikichangiana flashi moja, kila moja imetoa buku.

Distro ipi basi? Watu hubishana sana hapa kuliko inavyostahili. Ubuntu Studio inakuja na kila kitu ndani, lakini toleo lake la 24.04 linahudumiwa miaka mitatu tu, hadi Aprili 2027. Linux Mint 22 imejengwa juu ya msingi uleule wa 24.04, masasisho yake yanafika 2029, na ile ya Xfce ni nyepesi. Ardour ya kurekodia, Hydrogen ya ngoma na LMMS ya biti zote zinapatikana humohumo bila malipo. Kwa laptop yenye RAM ya GB 4, mimi nachagua Mint Xfce bila kusita. Miaka miwili ya ziada bila kufuta mashine na kuanza upya ina uzito kuliko programu mia zilizokuja tayari.

Watetezi wa distro za muziki watasema: je, ucheleweshaji wa sauti? Ni hoja, tuipime. Kompyuta inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde na kuzipitisha kwa mafungu. Fungu la sampuli 1,024 linachelewesha sauti kwa milisekunde 21 hivi; la 128, chini ya tatu. Milisekunde 21 ni muda wa sauti kusafiri mita saba hewani, takriban umbali wa mwimbaji wa safu ya nyuma hadi kwa mwalimu wa kwaya. Anayepiga kinanda cha programu kupitia kompyuta ataudhika. Lakini kadi nyingi za sauti za USB, hata za bei ndogo, zina kitufe kinachompelekea mwimbaji sauti yake kwenye hedifoni moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kibonyeze, na ubishi wote kuhusu ucheleweshaji unakuwa hauihusu kwaya.

Kinachoihusu zaidi ni diski. Ardour kwa kawaida hurekodi kwa biti 32, na kila traki inakula MB 11.5 kwa dakika. Sauti nne za kwaya, kila moja ikirudiwa mara mbili, ni traki nane; kinanda mbili, ngoma mbili: 12. Wimbo wa dakika tano ni MB 691, na kwa kuwa sauti ya tatu haipatii mara ya kwanza, zidisha kwa tatu. Albamu ya nyimbo kumi inafika GB 20.7. SSD ya GB 240, ukiondoa GB 40 za mfumo, inabeba albamu tisa.

Umeme hautishi. Laptop ya wati 65 ikifanya kazi saa nane inakula uniti 0.52, chini ya shilingi 200 kwa LUKU ya uniti moja kwa shilingi 357, na betri yake inaokoa rekodi umeme ukikatika.

Linux inapoteza pale msanii anapoleta biti kutoka Mwanza ikiwa ni faili la FL Studio. Ardour hailifungui. Njia ni kumwomba prodyuza atoe kila chombo kwenye faili lake la WAV, yote yakianzia sekunde ya sifuri. Kuendesha FL Studio ndani ya Linux kupitia Wine, inayoendesha programu za Windows, kunawezekana, ila sikushauri ukiwa na mteja anayesubiri. Kama riziki yako ni biti za bongo fleva au singeli, baki na FL na uinunue. Ukishalipa, masasisho ni bure maisha yote.

Katikati ipo Reaper, programu ya kurekodia inayofanya kazi kwenye Linux yenyewe kwa dola 60, shilingi 150,000. Leseni hiyo ni kwa biashara isiyozidi mapato ya dola 20,000 kwa mwaka, sawa na shilingi milioni 50. Ukitoza laki moja kwa wimbo, hizo ni nyimbo 500. Ukizipita, leseni inayofuata ni dola 225, pesa ya nyimbo sita.