Futari ya Wageni Huanza Kupangwa kwa Adhana

Mwaliko wa futari ndio mwaliko pekee kwetu ambao saa yake haina mjadala. Harusi ikiandikwa saa 8 mchana, saa 8 watu ndiyo kwanza wanatafuta ndala waende kuoga. Adhana ya Magharibi haina mambo hayo. Miezi ya Februari na Machi, Unguja na Dar es Salaam, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasorobo jioni, na dakika hiyohiyo mgeni aliyefunga kwa zaidi ya saa 13 anataka kitu mkononi. Mchuzi ukiwa bado haujachemka, hakuna maneno matamu yatakayoufunika.

Kwa hiyo menyu ya wageni hupangwa kinyumenyume: unaanza na adhana, unarudi nyuma mpaka sokoni. Wenyeji wengi hufanya kinyume chake. Wanakwenda sokoni alasiri, koo limekauka, na kila wanachokiona kinafaa: boga linafaa, magimbi yanafaa, pweza anafaa, na njiani wanapitia bajia. Jioni mkekani kuna sahani 14. Mgeni anakula tende, anakunywa bakuli la uji, anapitisha sambusa mbili, anaegemea ukuta. Sahani tisa hazijaguswa, na mwenye nyumba hajakaa hata dakika moja.

Rai yangu ni hii: kwa wageni kumi au kumi na wawili, tende na maji, uji mmoja, kitu kimoja cha kukaanga, viwili vya nazi, mchuzi mmoja, kitamu kimoja. Basi. Sambusa na katlesi na bajia kwa pamoja ni mafuta yaleyale yaliyobadilishwa umbo. Ukichagua sambusa, zikunje siku mbili kabla na uzigandishe kwenye friji. Manda za kununua hazina aibu yoyote. Siku yenyewe kazi inabaki kuzitosa tu kwenye mafuta.

Jambo la pili ni kugawa jioni. Kufungua saumu ni tendo dogo: tende, kwa kawaida kwa idadi ya witiri kama ilivyo sunna, maji, labda glasi ya juisi ya ukwaju. Kisha watu husimama kuswali Magharibi. Mpishi mzoefu anazipenda sana dakika hizo za swala, kwani ndizo anazohamishia vyungu kwenye mabakuli vikiwa vya moto. Yeye ataswali punde tu baada ya wageni kukaa. Anayepakua vyote kabla ya adhana hulisha watu mihogo iliyoganda tui juu.

Na tui ndilo linaloitambulisha futari ya pwani. Mihogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi, maboga, vyote kwa nazi. Sokoni wenyewe huviita futari, kwa jumla, na kila mwaka viongozi huwasihi wafanyabiashara wasipandishe bei zake. Tui hukamuliwa zaidi ya mara moja. Tui jepesi ndilo la kuchemshia: muhogo unaiva humo pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kumchoma mzee. Tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mkono hautoki kwenye mwiko mpaka lichemke. Ukilifunika ukaenda kupokea simu, utarudi ukute limekatika, mafuta upande wake na maji upande wake. Nazi zinunuliwe mapema, zikunwe asubuhi, tui likae kwenye baridi. Kukuna nazi saa 11 jioni huku umefunga ni adhabu ya kujitakia.

Muhogo nao una kesi yake. Ipo mihogo michungu yenye sumu, inayohitaji kulowekwa au kukaushwa kabla ya kuliwa. Ya kupikia futari ni ile mitamu, imenywe vizuri, mzizi wa katikati uondolewe, ichemshwe mpaka ilainike hasa. Nunua kwa muuzaji unayemfahamu, kisha asubuhi chemsha kipande kimoja cha majaribio. Ipo mihogo isiyoiva hata ukiipikia kuni za mwezi mzima, na ni heri ulijue hilo saa 3 asubuhi kuliko saa 12 jioni. Cha nazi cha pili kiwe kitamu: ndizi mbivu kwa iliki na sukari kidogo, kwani ukiweka mihogo na magimbi pamoja umemlisha mgeni wanga mara mbili.

Hapa huja lile swali la kila mwaka: mpishi amefunga, chumvi ataijuaje? Wanazuoni wengi wanaruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, pale panapokuwa na haja. Lakini nyumba nyingi za Unguja zina utaratibu mzuri zaidi, nao ni mtoto ambaye hajafikia umri wa kufunga. Anaitwa kutoka uani, anapewa mchuzi kwenye kiganja, anaramba, anatoa hukumu: "Shangazi, haijakolea." Mtoto huyo siku hiyo ndiye mkuu wa jiko, na anajua. Ataomba kaimati ya kwanza.

Kaimati zikaangwe mwisho kabisa. Nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko cha chai cha hamira na maji vuguvugu hutosha watu kumi na wawili. Donge lipigwe kwa mkono mpaka livutike na kutoa mapovu, lifunikwe kama saa moja. Shira ya sukari na iliki inaweza kupikwa tangu mchana. Kaimati zenyewe ziingie mafutani jua likiwa limekaribia kuzama, vidole vimelowa maji, moto wa wastani ili ndani zisibaki mbichi. Zikitumbukizwa kwenye shira mapema hulainika, na raha yote ya kaimati ni ule mlio wa kwanza jinoni.

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza iftari katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Azabajani, Irani, Uturuki na Uzbekistani. Sisi wenye kaimati na mbaazi za nazi hatukuwemo katika ombi hilo. Labda tulikuwa jikoni.

Chakula cha usiku, baada ya tarawehe, ndicho kinachowafilisi wenyeji. Wageni wanarudi kutoka msikitini mnamo saa 3 usiku, wengine wameshiba bado, na mwenyeji amepika biriani kana kwamba hawajala tangu daku. Kwa watu kumi na wawili waliokwisha kufuturu, kilo moja ya mchele inatosha, na kilo mbili za nyama ni ukarimu. Biriani inafaa kuliko vyakula vingi kwa sababu kwetu sosi na wali hupikwa mbali mbali. Nyama hulazwa usiku wa kuamkia siku hiyo kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi lililopondwa, ambalo hulainisha hata nyama ya ng'ombe aliyezeeka. Vitunguu hukaangwa siku moja au mbili kabla, vikahifadhiwa kwenye kopo lenye mfuniko. Sosi inapikwa asubuhi, na jioni ni kuipasha tu. Kinachobaki ni mchele: uchemshwe ukiwa bado na kiini kigumu kidogo, uchujwe, unyunyiziwe zafarani iliyorowekwa, kisha upaliwe makaa juu wakati watu wako kwenye rakaa za mwisho. Anayeona hayo ni mengi apike pilau, na asiombe radhi kwa mtu.

Msimu nao ni mshauri wa bure. Ramadhani husogea nyuma takriban siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, ndiyo maana mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Kadiri inavyosogelea miezi hiyo ya kiangazi, maembe yanakuwa mengi sokoni na juisi inajipanga yenyewe. Hakuna haja ya kununua poda ya rangi ya chungwa.

Uliza mapema nani ana kisukari na nani ana presha. Uji wa pilipili manga upikwe bila sukari na bakuli la sukari liwekwe pembeni. Mbaazi za nazi zinamfaa mgonjwa wa kisukari kuliko mlima wa tambi za sukari. Kama kuna rafiki asiye Mwislamu, mweleze tu kwamba mnangoja adhana pamoja. Wengi hupenda kungoja huko, na hula kwa bidii kuliko waliofunga.

Kabla ya yote, sahani ya jirani itoke. Mihogo, sambusa tatu, kaimati kadhaa, juu yake kawa, mtoto anaambiwa apeleke mbio arudi kabla ya adhana. Katika mafundisho ya Mtume, anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wa ujira wake, na hadithi hiyo haikuweka sharti la biriani. Tende moja inatosha.

Nawe uliyealikwa, una wajibu wako. Foleni ya jioni Dar es Salaam unaijua, ondoka mapema na uweke tende na chupa ya maji ndani ya gari. Ukitaka kuleta kitu, leta matunda yaliyokwisha kumenywa, usilete kazi. Na kama njiani umekutana na shemeji zako wanne ukaona uje nao, piga simu kabla ya Alasiri.